Fedha tatu, kisha rekodi ya dunia: siku nane za Kirsty Coventry mjini Beijing

Watu wakianza kusifia ukakamavu wa bingwa wa kuogelea, hukimbilia saa kumi alfajiri: giza, baridi, bwawa tupu, mtoto anatetemeka na taulo begani. Ni kweli tunaamka mapema. Lakini nimefundisha kuogelea miaka mingi hapa Mombasa, na kuamka mapema sikuhesabu kuwa jambo kubwa. Muuza mandazi naye huamka saa kumi na hakuna anayemvisha medali. Kinachomtenga bingwa na mwogeleaji mzuri ni kitu kingine, na sijakiona kikijitokeza wazi kama kilivyojitokeza kwa Kirsty Coventry wa Zimbabwe, Agosti 2008, ndani ya lile bwawa la Beijing lenye kuta kama mapovu ya sabuni.

Siku hizi anajulikana zaidi kama kiongozi. Tarehe 20 Machi 2025, huko Costa Navarino nchini Ugiriki, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walimchagua kuwa rais wao kwa kura 49 kati ya 97, duru ya kwanza tu, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Vijana wangu wengi walimsikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, kwa hiyo wanamjua mama wa suti na mikutano. Mimi nataka wamjue aliyepoteza fainali tatu mfululizo, kila moja kwa namna yake ya kuumiza, akarudi majini.

Fainali ya kwanza ilikuwa tarehe 10 Agosti, mita 400 mchanganyiko: 100 za kipepeo, 100 za chali, 100 za chura, 100 za mtindo huru. Kabla ya asubuhi hiyo hakuna mwanamke aliyewahi kuimaliza chini ya dakika 4 na sekunde 30. Coventry aliimaliza kwa 4:29.89. Siku nyingine yoyote tangu mchezo huu uanze, hiyo ingekuwa rekodi ya dunia. Asubuhi hiyo ilikuwa fedha, maana Stephanie Rice wa Australia, kwenye maji hayohayo, alikwisha gusa ukuta kwa 4:29.45.

Kesho yake, nusu fainali ya mita 100 chali, aliweka rekodi ya dunia: 58.77. Tarehe 12, kwenye fainali, akaogelea 59.19, na Natalie Coughlin wa Marekani akashinda kwa 58.96. Yaani angerudia tu alichofanya saa ishirini na nne kabla, dhahabu ilikuwa yake. Naona hii ndiyo iliyouma kuliko zote, maana aliyemshinda kwa kweli ni yeye mwenyewe wa jana.

Tarehe 13, mita 200 mchanganyiko. Rekodi ya dunia ilikuwa 2:08.92, ya Rice. Coventry akaipita, 2:08.59. Rice naye akaipita, 2:08.45. Tofauti ni sehemu 14 za mia za sekunde, chini ya muda wa kupepesa jicho. Fedha ya tatu.

Mara mbili katika siku nne aliogelea kwa kasi ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuifikia kabla ya mbio hizo, na mara zote mbili akawa wa pili. Na bado alikuwa amebakiwa na mita 200 chali, mbio ambayo ndiyo ilikuwa yake hasa. Dunia nzima ilitegemea aishinde, na tegemeo la namna hiyo ni mzigo.

Hapa nisimame kidogo nieleze kinachotokea ndani ya mwili, kwa sababu kwenye runinga hukioni. Mbio kali ya dakika mbili au nne hujaza lakteti, mabaki ya kazi ngumu ya misuli, kwenye misuli na damu. Mwogeleaji akitoka majini akakaa kwenye benchi na taulo, inachukua muda mrefu kuondoka. Akirudi kwenye bwawa la kupashia misuli moto na kuogelea polepole, damu inaendelea kuzunguka na lakteti huondoka haraka zaidi. Ndiyo maana kwenye mashindano makubwa utamwona bingwa ametoka kupoteza, hajakausha hata machozi, na kocha anamwelekeza kwenye bwawa la pembeni akaogelee taratibu nusu saa nzima. Timu kubwa humtoboa sikio kidogo, zikachukua tone la damu na kupima kama lakteti imeshuka vya kutosha. Haijashuka, anarudishwa majini.

Sasa hesabu ratiba ya Coventry. Mchujo na fainali ya 400 mchanganyiko. Mchujo, nusu fainali na fainali kwa kila moja ya zile tatu nyingine. Mbio 11 katika siku 8, mita 2,300 za kasi kamili. Juu ya hapo saa ziligeuzwa: mchujo uliogelewa jioni na fainali asubuhi, ili Wamarekani watazame usiku kwao. Kwa hiyo ukimaliza mbio jioni, unalala na mikono mizito, unaamka kwenye mbio kubwa kuliko ile ya jana. Asubuhi ileile ya tarehe 12 alipoipoteza 100 chali, alikuwa pia na nusu fainali ya 200 mchanganyiko. Msimhurumie sana kwa hilo. Coughlin aliyemshinda alikuwa na mbio hizohizo mbili.

Kichwani ndiko mambo huharibikia. Mwogeleaji aliyepoteza kwa sehemu 14 za mia hushawishika kubadilisha kitu. Anajiambia: mbio ijayo nitaanza kwa nguvu zaidi. Anaingia majini amekaza shingo, anavuta maji kabla mkono haujashika vizuri, anapiga mikono mingi kuliko kawaida yake, na kwa mita 60 anaonekana moto. Mita 60 zikiisha, anazama. Kuogelea ni mchezo wa ajabu, ukiongeza hasira, kasi inapungua. Maji ni mazito mara 800 hivi kuliko hewa. Hayasukumwi kwa chuki.

Na chali ndiyo mtindo usiosamehe kabisa kosa hilo. Unaogelea ukiangalia juu, huoni unakokwenda, huoni mpinzani wako mpaka awe sambamba nawe. Alama kuu ya kukwambia ukuta uko karibu ni zile bendera ndogo zilizotundikwa juu ya bwawa, mita 5 kabla ya ukuta. Kila mwogeleaji wa chali anajua idadi ya mikono yake kutoka bendera hadi ukuta, na anaijua ile ya mazoezini na ile ya mbio, maana si lazima zilingane. Kwenye kona ana ruhusa ya kugeuka kifudifudi, avute mara moja bila kusita, ajipindue, asukume ukuta akiwa chali tena. Ukihesabu vibaya kwa mkono mmoja, unateleza hadi ukutani kama boti iliyozimwa injini, au unajigonga kichwa. Baada ya ukuta una mita 15 za kwenda chini ya maji kwa teke la pomboo, miguu pamoja, kiuno kikifanya kazi. Ukizipita bila kichwa kuibuka, unaondolewa.

Coughlin alikuwa mfalme wa mita hizo 15. Ndiyo sababu mita 100, yenye mwanzo mmoja na kona moja, ilimfaa. Mita 200 ni habari nyingine. Kufikia mita 50 ya tatu mapafu yanadai hewa, hakuna anayetamani kukaa chini ya maji, na mbio inaamuliwa na mkono: bega linavyojizungusha, kiganja kinavyoshika maji, kichwa kinavyotulia. Coventry alikuwa na kichwa kilichotulia. Ukitaka kujua ninachosema, chukua chupa ndogo ya maji, ijaze nusu, iweke juu ya paji la uso, kisha uogelee chali hadi upande wa pili isianguke. Watoto wangu hucheka sana siku ya kwanza. Chupa haifiki hata bendera. Bega linatakiwa lizunguke huku kichwa kimeganda. Ni miezi.

Alikotokea si mahali ambapo ungetarajia bingwa wa maji. Alizaliwa Harare tarehe 16 Septemba 1983. Zimbabwe haina bahari. Sisi wa Mombasa tuna kujidai kwamba mtoto wa pwani huzaliwa anajua kuogelea, na mtu akija kwangu na hoja hiyo huwa namjibu kwa jina la huyu dada. Bahari inamfundisha mtoto kutoogopa, na hilo ni jema. Inamfundisha pia kuogelea ameinua kichwa, kutazama mawimbi na kupumua anapotaka, na hayo yote nalazimika kumwondolea baadaye. Harare ipo juu, kama mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku ni wa baridi kali, kwa hiyo bwawa la wazi lisilopashwa moto linakuwa mateso kwa miezi kadhaa ya mwaka. Mwogeleaji wa kule hujifunza kugawa msimu wake kufuatana na hali ya hewa, wakati mwenzake wa Australia au Marekani anafanya mazoezi mwaka mzima.

Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alikwenda Olimpiki ya Sydney. Siku mashindano ya kuogelea yalipoanza, 16 Septemba 2000, alikuwa anatimiza miaka 17. Alifika nusu fainali, Mzimbabwe wa kwanza kufanya hivyo katika kuogelea. Hapo wengi wetu Afrika tungeona tumefika: picha, sherehe, koti la timu ya taifa, basi. Yeye alichukua nafasi ya masomo Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama.

Nalisema hili bila kuzunguka kwa sababu wazazi huniuliza: ndiyo, ilibidi aondoke. Moyo peke yake haupashi bwawa moto. Auburn wakati huo ilikuwa na timu ya wanawake iliyochukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2002, 2003 na 2004. Kila jioni kwenye mstari wa jirani kulikuwa na mtu wa kumshinda. Mmoja wao alikuwa Margaret Hoelzer, naye wa mita 200 chali; kumbukeni jina hilo. Mashindano ya vyuo huogelewa kwenye mabwawa ya yadi 25, karibu mita 23, kwa hiyo mbio ya yadi 200 ina kona saba. Kwenye bwawa la Olimpiki la mita 50 kona ni tatu tu. Mwogeleaji anayelelewa kwenye bwawa fupi hugeuka mara nyingi hadi kona inaingia kwenye damu. Kocha Kim Brackin alimfundisha pale, na alipohamia Austin, Texas, Coventry alimfuata. Uaminifu huo kwa kocha mmoja anayeujua mkono wako ni jambo ambalo wazazi wanaohamisha watoto klabu kila muhula wangelitafakari.

Athens 2004 alipata medali tatu: dhahabu ya 200 chali, fedha ya 100 chali nyuma ya Coughlin kwa sehemu 13 za mia, na shaba ya 200 mchanganyiko. Mwaka uliofuata, Montreal, akawa bingwa wa dunia wa chali zote mbili. Halafu Melbourne 2007 Hoelzer akamshinda kwenye mita 200.

Kuna rekodi moja ambayo kwa watu wa chali ilikuwa kama ukuta wa ngome. Krisztina Egerszegi wa Hungaria aliogelea mita 200 chali kwa 2:06.62 mwaka 1991, na kwa miaka 16 kila aliyeikimbilia alirudi mikono mitupu. Februari 2008, kwenye mashindano ya kawaida tu huko Missouri, Coventry akaogelea 2:06.39. Rekodi ya miaka 16 ilivunjwa mahali ambapo hata kamera zilikuwa chache. Haikukaa naye. Julai, kwenye mchujo wa timu ya Marekani mjini Omaha, Hoelzer akaishusha hadi 2:06.09.

Kwa hiyo asubuhi ya 16 Agosti 2008, Coventry aliingia fainali ya 200 chali akiwa na fedha tatu shingoni, bingwa mtetezi aliyenyang'anywa rekodi mwezi mmoja uliopita, na aliyemnyang'anya yumo kwenye mbio hiyohiyo. Nyumbani kwake kulikuwa na uchaguzi uliomwagika damu na sarafu iliyokufa. Serikali yenyewe ilitangaza mfumuko wa bei wa asilimia milioni 231 kwa mwezi wa Julai. Aliogelea 2:05.24. Hoelzer alikuwa wa pili kwa 2:06.23. Baada ya wiki nzima ya kupoteza kwa sehemu za mia, alishinda kwa karibu sekunde kamili, na rekodi ikarudi.

Sekunde kamili dhidi ya mtu aliyekuwa mwenye rekodi ya dunia! Ninachokiona mimi, kama mtu wa kazi hii, ni kwamba mkono wa tarehe 16 ulikuwa mkono uleule wa tarehe 10. Fedha zile tatu hazikumfundisha kuogelea kwa namna nyingine. Alikubali kwamba mara tatu aliogelea vizuri na mtu mwingine akaogelea vizuri zaidi, akaenda kula, akalala, akarudi na mbio aliyoiandaa kwa miaka minane. Uwezo huo ndio ninaouita ukakamavu, na niseme wazi kwamba hauvutii kuutazama.

Mtu mwenye haki ataniuliza kuhusu mavazi. Mwaka 2008 ndio mwaka wa yale mavazi ya kuteleza yaliyobana mwili na kumwinua mwogeleaji majini, na rekodi zilianguka ovyo hadi shirikisho la kimataifa likayapiga marufuku kuanzia Januari 2010. Ni kweli, nyakati za miaka hiyo zisomwe kwa jicho hilo. Lakini waliokuwa mistari ya jirani nao walivaa hayohayo.

Asubuhi hiyohiyo, ndani ya bwawa hilohilo, ilikuwepo fainali nyingine ambayo dunia haiisahau: mita 100 kipepeo ya wanaume, Michael Phelps akimpita Milorad Čavić kwa sehemu moja ya mia. Watu wa kwetu wanasahau nani alimaliza wa tano. Ni Jason Dunford, Mkenya, mzaliwa wa Nairobi. Siku mbili kabla, kwenye mchujo, alikuwa ameogelea 51.14 na kuvunja rekodi ya Olimpiki. Ilidumu dakika chache tu, kwa sababu Phelps na Čavić walikuwa kwenye makundi ya baadaye. Dakika chache, lakini zilikuwa za Mkenya, na mwaka 2010 kule Delhi alichukua dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Naye alipitia chuo cha Marekani, Stanford. Tukitaja Coventry kama muujiza wa peke yake Afrika, tunamdhulumu kijana wetu.

Zimbabwe ilimpokea Coventry kwa shangwe mara zote mbili, 2004 na 2008, mwanamke mzungu katika nchi iliyokuwa ikigombana kuhusu mashamba ya wazungu. Rais Mugabe alimkabidhi dola 100,000 za Marekani baada ya Beijing, jambo lililowakera wengi waliokuwa hawana mkate. Baadaye, mwaka 2018, akawa waziri wa michezo wa serikali iliyofuata, na hapo sifa na lawama zimechanganyika kama inavyokuwa kwa waziri yeyote. Hayo nawaachia waandishi wa siasa. Hesabu ya medali iko wazi: Zimbabwe ina medali nane za Olimpiki tangu uhuru, moja ni ya wanawake wa mpira wa magongo, Moscow 1980, na saba ni zake.

Aliendelea baada ya hapo. Roma 2009 alishusha rekodi ya 200 chali hadi 2:04.81, na ikakaa mpaka Missy Franklin alipoivunja London 2012. Yeye mwenyewe London alimaliza wa sita. Rio 2016, Olimpiki yake ya tano, akiwa na karibu miaka 33, akamaliza wa sita tena kwenye mbio ileile, kisha akastaafu. Wengine humwambia mwanamichezo aondoke angali juu. Mimi nawapenda waliokubali kuwa wa sita.

Sasa, kwetu. Mashindano yetu mengi ya klabu na shule huogelewa mara moja tu. Mtoto anaruka, anamaliza, muda unaandikwa, anapewa soda na kufunikwa taulo, habari imekwisha. Naelewa sababu: bwawa la kukodi, saa chache, watoto wengi. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana anafika mashindano ya kanda, anavuka mchujo kwa muda bora wa maisha yake, na jioni kwenye fainali anaongeza sekunde mbili. Wazazi wanasema ameogopa. Hajaogopa, hajawahi kurudi majini siku hiyohiyo.

Kwa hiyo Jumamosi tunafanya hivi. Asubuhi mita 100 za mtindo wake mkuu kwa kasi yote, na muda unaandikwa. Kisha mita 600 za taratibu, hakuna kukaa ukingoni, hata aliyeshinda. Anakula chakula chepesi, ndizi au mkate, anavaa nguo kavu, anakaa kivulini. Mchana anarudia mita 100 zilezile, na ninamwomba kitu kimoja tu: idadi ya mikono iwe ileile ya asubuhi. Muda naandika lakini simwonyeshi hadi wiki iishe. Mwanzoni mikono huongezeka minne au mitano kila urefu wa bwawa na muda unakuwa mbaya, wanakasirika, mmoja atatupa miwani. Baada ya muhula mmoja mikono inaanza kulingana, na hapo ndipo namruhusu mzazi amwandikishe mtoto wake kwenye mbio zaidi ya moja.